Muulize Njomba: "Wanasema hawakumtuma askari ampige mdogo wangu"

Njomba shikamoo.

Natumaini mzima wewe na wa nyumbani kwako. Mimi ni mama lishe hapa Mtwara mjini, nauza wali samaki karibu na stendi, sio msomi sana kwaiyo nikichanganya mambo utanivumilia, nimeandika hii mara tatu nafuta.

Ni kuhusu mdogo wangu wa kiume, tumefuatana, baba mmoja mama mmoja. Ni fundi cherehani, ana kibanda chake na cherehani ya miguu aliyoachiwa na marehemu baba. Mwaka jana msimu wa korosho umechanganya, kuna mtu akamwachia magunia manne pale kibandani akamwambia nishonee midomo jioni nayapitia. Kashona. Jioni waliokuja ni polisi. Ikawa kesi ya kukutwa na mali inayodhaniwa ni ya wizi, mwenye magunia hata kivuli chake hatukukiona. Dhamana ilitaka watu wawili wenye barua ya serikali ya mtaa, mmoja tulimpata, wa pili siku ya siku akazima simu. Basi ndugu yangu akaenda mahabusu, tukasema wiki mbili tutakuwa tumepata mdhamini mwingine, ikawa miezi minne.

Sasa Njomba kuna kitu lazima nikwambie maana wao ndo wanakishikilia. Gereza hilo sitalitaja na huyo askari simtaji. Kabla ya haya yote huyo askari alishampelekea mdogo wangu kitambaa cha suruali, suruali ikambana mapajani, wakarushiana maneno pale kibandani mbele za watu, hakulipa elfu kumi na tano ya ufundi, akaondoka anasema tutakutana. Na kweli wakakutana.

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, asubuhi, wapo foleni ya uji. Mdogo wangu alikuwa na homa tangu usiku, kizunguzungu, akatoka mstarini akakaa chini ukutani. Huyo askari siku hiyo alikuwa zamu ya getini sio ndani, lakini akaingia. Akamwambia "fundi, si nilikwambia tutakutana", alafu akapaza sauti wote wasikie, "rudi mstarini wewe, unaleta usumbufu humu ndani". Rungu la kwanza begani. La pili lilikuwa linakwenda kichwani, mdogo wangu akakinga kwa mkono wa kulia, vidole viwili vikavunjika, cha kati na cha pete.

Zahanati ya humo ndani akafungwa kitambaa akapewa panado. Siku tisa Njomba. Siku ya tisa ilikuwa tarehe yao ya mahakamani, akaunyoosha ule mkono mbele ya hakimu, umevimba hadi kiwiko, hakimu akaandika kwenye faili na kuagiza apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Ndo akapigwa picha, daktari akasema mifupa imeanza kuunga vibaya.

Mwezi wa tatu kesi ikaondolewa, akatoka. Sasa hivi kutia uzi kwenye sindano anamwita mwanangu wa darasa la tatu amtilie. Mkasi vile vidole haviingii kwenye tundu lake, anaukamata kwa kiganja kizima kama mtu anayekamata koleo la mkaa, na kitambaa kinatoka kimeng'atwa. Mtu wa shepu za vitenge vya harusi sasa anapachika zipu.

Tulikwenda pale gerezani kuuliza. Mkubwa mmoja akatupokea vizuri tu, tukapewa viti. Akasema ule ulikuwa ugomvi wao wa suruali, sisi kama jeshi hatukumtuma apige mtu, sheria yetu hairuhusu kupiga, kwaiyo alipopiga alishatoka nje ya kazi yetu, mfuateni mwenyewe binafsi. Na huyo mwenyewe wameshamhamisha, yupo mkoa mwingine huko.

Alafu sasa mke wake tupo naye kikoba kimoja. Juzi kaja nyumbani usiku na laki tatu kafunga kwenye pindo la khanga, analia, kaleta na karatasi imechapwa, mdogo wangu asaini kwamba amepokea, amesamehe, na "hana madai yoyote dhidi ya askari huyo wala taasisi yoyote". Baba mkubwa anasema chukueni, mtu hashindani na serikali. Shemeji wa Dar anasema msichukue, Marekani mfungwa akipigwa analipwa mabilioni. Mimi katikati sijui. Ni kweli kwamba kwa sababu hawakumtuma basi hawahusiki? Na tukiwafuata tunaanzia wapi, na hela ya wakili hatuna.

Ni mimi mpwa wako, Mama Lishe wa Stendi.

NJOMBA ANAJIBU

Marahaba mpwa wangu. Pole, na mpe pole fundi.

Nianze na karatasi kwa sababu ndo yenye moto. Asisaini. Hayo maneno matatu ya mwisho, "wala taasisi yoyote", mke wa askari hakuyatunga yeye na machozi yake, hayo yameandikwa na mtu anayejua kabisa kwamba taasisi inahusika, maana kama haihusiki mnaitoa kwenye madai ya nini? Mdogo wako akiiweka sahihi pale, siku mkifika mahakamani ndo kielelezo cha kwanza kitakachotolewa upande wa pili. Kama mnaona hela ya matibabu inahitajika sana na mnataka kuipokea, andikeni karatasi yenu nyingine, mistari miwili, kwamba tumepokea laki tatu kutoka kwa fulani kama msaada wa matibabu na kupokea huku hakuondoi dai lolote, mashahidi wawili, basi. Akikataa kusaini hiyo mrudishieni hela yake mbele ya mtu mzima. Ila mi ningekuwa nyie nisingeigusa kabla ya kuonana na wakili.

Sasa hilo la "hatukumtuma". Nimelisikia miaka mingi, kwa wenye mabasi, kwa wenye maghala, kwa wakubwa wa serikali, na linasemwa kwa utulivu mpaka mwenye haki anaanza kujiona yeye ndo mkorofi. Ngoja tulipeleke kwenye biashara yako. Una msichana anakusaidia kupakua. Siku moja mteja kamjibu vibaya, msichana kashikwa na hasira kammwagia mchuzi wa moto mapajani. Wewe ulimtuma? Hukumtuma. Ulimkataza? Pengine kila siku unamwambia ongea na wateja vizuri. Lakini yule mteja atakuja kwako wewe, na sheria itamwambia yupo sawa, kwa sababu kile kijiko kirefu, ile sufuria, na ile nafasi ya kusimama juu ya mtu aliyekaa na njaa yake, vyote umempa wewe na kwa faida ya biashara yako. Ila msichana huyohuyo akikutana na mteja huyohuyo Jumamosi usiku ngomani wakachapana chupa kwa ajili ya mwanaume, hapo wewe hayakuhusu, umelala zako.

Kwaiyo swali la mahakama halijawahi kuwa alitumwa kupiga au hakutumwa. Hakuna mwajiri duniani anayeandika barua ya ajira yenye kipengele cha kuvunja watu vidole, na ingekuwa hilo ndo swali basi hakuna mwajiri angewahi kulipa hata senti. Swali ni je, alichofanya kimeshikana na kazi aliyopewa, hata kama amekifanya vibaya, kwa ukatili, na hata kama ni jinai.

Na hili sio la kuokota ng'ambo, lipo hapahapa kwetu Afrika Mashariki tangu zamani. Kuna shauri la Muwonge dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Uganda, lilifika Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, limechapwa kwenye ripoti za sheria za mwaka 1967. Kulikuwa na fujo Kampala, polisi wakatoka kuzituliza, mmoja akamfyatulia risasi mtu aliyekimbilia ndani ya nyumba, akafa, mtoto wa marehemu akaishtaki serikali. Majaji wakasema wazi kwamba ile risasi haikuwa na sababu, ilikuwa haramu, ilikuwa ukatili mtupu, na bado serikali inawajibika, kwa sababu yule polisi alikuwa kwenye kazi ya kutuliza fujo na alifyatua akiwa ndani ya kazi hiyo. Wakati ule mahakama hiyo ilikuwa ya kwetu sote watatu, Tanzania, Kenya na Uganda. Siku mkirudi kwa yule mkubwa wa viti, muulizeni tu kama amelisikia.

Na serikali yetu yenyewe imekubali kwa maandishi. Ipo Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali, Sura ya 5, ya mwaka 1967 vilevile, inasema serikali inabeba madhara yanayofanywa na watumishi wake kama mtu binafsi mwenye wafanyakazi anavyobeba. Askari magereza ni mtumishi wa serikali, Jeshi la Magereza lipo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, huo ndo mnyororo wenyewe.

Lakini mpwa sitaki nikudanganye. Suruali ina mguu wake kwenye hii kesi, na yule mkubwa sio mjinga kuishikilia. Kuna mstari kati ya mtu anayefanya kazi yake vibaya na mtu anayelipiza kisasi chake akiwa amevaa sare tu. Waingereza, ambao sheria yetu ya madhara tumeirithi kwao kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na hukumu zao za baada ya hapo zinatushawishi tu hazitufungi, walipata kesi mbili za kampuni moja ya supamaketi, Morrisons. Ya kwanza mhudumu wa kituo chao cha mafuta Birmingham alimtukana mteja aliyeingia kuomba kuchapishiwa karatasi, akamfuata mpaka kwenye gari akampiga vibaya, Mahakama ya Juu mwaka 2016 ikasema kampuni ilipe, maana yalianzia kaunta, na alipomfuata nje alikuwa bado anampa amri kwamba asirudi tena pale, hajavua kofia ya kazi. Ya pili mfanyakazi wa ukaguzi alikuwa na kinyongo na kampuni, akamwaga mtandaoni taarifa za mishahara za wafanyakazi karibu laki moja, mwaka 2020 mahakama ileile ikasema hapana, huyu alikuwa na vita yake binafsi, kampuni haimo.

Kwaiyo mdogo wako yupo upande gani? Mimi nasoma barua yako naona yule askari alisema sentensi mbili, na wakili wa serikali ataishika ya kwanza, "si nilikwambia tutakutana". Nyie shikeni ya pili. "Rudi mstarini wewe, unaleta usumbufu humu ndani." Hiyo ni amri. Mdai wa suruali hana mamlaka ya kumrudisha mtu kwenye foleni ya uji, mwenye mamlaka hayo ni afande. Aliona mtu katoka mstarini, akatoa amri, akaisindikiza na rungu alilokabidhiwa na serikali, ndani ya ukuta ambao raia wa kawaida mwenye suruali iliyombana hawezi kuingia hata akilia. Alikuwa zamu ya getini, sawa, lakini zamu alikuwepo, na geti lilimfungukia kwa sababu ya sare. Kama ugomvi ungekuwa wa suruali peke yake angemsubiri kibandani. Na mwisho wa siku mdogo wako hakuwa na pa kukimbilia, serikali ndo ilimfungia mlango, na huyo aliyemfungia ndo aliyempa mwingine funguo. Hapo kwenye funguo ndo mimi ningejenga kesi yangu yote.

Kwa hiyo hakikisha mdogo wako anaandika sasa hivi, kwa mkono wa kushoto kama ni lazima au akutamkie wewe uandike, maneno yote kwa mpangilio yalivyosemwa, nani alikuwa mbele yake kwenye foleni, nani nyuma, majina au hata a.k.a. zao za humo ndani. Wapo walioshatoka, mji wenyewe huu, utawakuta sokoni.

Kuna kesi nyingine napenda kuitaja kwa sababu inanichekesha na inasaidia. Siku ileile ya Machi 2016 Waingereza walipotoa hukumu ya kituo cha mafuta, walitoa na ya gereza la Swansea. Mama mmoja msimamizi wa jiko la gereza aliangushiwa gunia la mchele mgongoni na mfungwa aliyekuwa anabeba mawili kwa mpigo. Mfungwa sio mwajiriwa, hana mkataba, na bado mahakama ikasema wizara inawajibika kwa uzembe wake kwa sababu amewekwa pale anafanya kazi za gereza. Sasa kama gereza linajibu kwa mfungwa mwenye gunia, mtu mwenye sare, mshahara na rungu la serikali mnamkwepaje?

Shemeji wa Dar mwambie Njomba anamsalimia ila apunguze muvi. Marekani kwenyewe ni kugumu zaidi kwenye hili, tangu mwaka 1978 Mahakama ya Juu yao kwenye kesi ya Monell ilisema huwezi kuibana halmashauri ya mji kwa kigezo kwamba ndo iliyomwajiri tu huyo mkosaji, mpaka uonyeshe kulikuwa na sera au mazoea yao ya kufanya hivyo. Huku kwetu kwa hili mna njia fupi kuliko wao.

Sasa, jambo ambalo umelipita haraka kwenye barua na mimi ndo limenifanya niweke chai chini. Siku tisa. Hilo wala halihitaji mabishano ya suruali. Tuseme mahakama ikubali kwamba rungu lilikuwa kisasi binafsi, je, panado na kitambaa siku tisa kwa mtu mwenye vidole vilivyovunjika, huo nao ni ugomvi wa suruali? Nani alikuwa na ugomvi naye kule zahanati? Ukimfungia mtu ndani asiweze kwenda hospitali kwa miguu yake, wajibu wa kumpeleka ni wako, na huo ni wajibu wa gereza lenyewe moja kwa moja, sio wa kurithi kutoka kwa askari. Daktari kashasema mifupa ilianza kuunga vibaya, maana yake sehemu ya huo ulemavu imetokana na kuchelewa. Kwaiyo madai yawe na miguu miwili, kipigo na kutotibiwa, mmoja ukiteleza mwingine umesimama. Na Katiba ipo juu ya yote, ibara ya 13(6), inataka heshima ya mtu itunzwe hata akiwa chini ya ulinzi, na inasema ni marufuku mtu kuteswa. Haijasema isipokuwa mahabusu wa korosho. Tena mdogo wako alikuwa hata hajahukumiwa.

Ushahidi. Dhahabu yenu ipo kwenye faili la ile kesi ya magunia. Umesema hakimu aliandika. Basi nenda masjala ya mahakama ile na namba ya kesi, andika barua ya kuomba nakala ya mwenendo wa shauri iliyothibitishwa, ndani yake kuna tarehe, kuna maneno ya mdogo wako, kuna amri ya hakimu. Karatasi hiyo hakuna wa kuihamishia mkoa mwingine. Hospitali mkaombe nakala ya faili la matibabu na ile picha, na daktari aandike ripoti ya ulemavu uliobaki. Polisi mkafungue jalada la kushambuliwa na kudhuru mwili, kifungu cha 241 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo chake mpaka miaka 5, mpewe na PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, hata kama mmechelewa, mtaeleza kwamba aliyechelewesha ni ukuta. Jinai ni ya askari mwenyewe, hiyo mwajiri hambebei, na kuhamishwa kituo sio kinga.

Alafu daftari la vipimo. Fundi yeyote wa kweli analo, lile la kiuno, kifua, urefu, jina la mteja na hela aliyotanguliza. Hilo daftari litaonyesha alikuwa anashona nguo ngapi kwa mwezi kabla na ngapi baada, maana mahakama zetu hasara ya hela unayodai lazima uithibitishe kabisa senti kwa senti, ukisema tu "alikuwa anapata vizuri" hakuna jaji atakuandikia kitu. Maumivu na ulemavu ni fungu lingine, hilo jaji anakadiria mwenyewe.

Kuhusu kuanza, serikali haishitakiwi ghafla kama jirani. Inatakiwa notisi ya siku 90, ieleze nani, lini, nini kilitokea na mnadai nini, iende kwa wizara na Jeshi lenyewe, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Wakili Mkuu wa Serikali. Siku 90 zikiisha hawajajibu ndo mnafungua, na ni Mahakama Kuu tu, ya kwenu ipo hapohapo Mtwara hamna haja ya nauli. Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe, tangu marekebisho ya mwaka 2020 ukimsahau shauri zima linaharibika, nimeona watu wanalia kwa hilo tu. Na askari mwenyewe muunganisheni humo humo, asikae pembeni anaangalia.

Muda. Sheria ya Ukomo inatoa miaka 3 kwa madai ya madhara, lakini ndani yake kuna fungu la mwaka 1 tu kwa fidia ya jambo lililofanywa kwa kisingizio cha kutekeleza sheria fulani, na mawakili wa serikali wanalipenda sana hilo fungu. Kwaiyo jihesabieni mwaka mmoja, kuanzia siku ya rungu sio siku ya kutoka. Kipigo mwezi wa kumi na moja, ukitoa siku 90 za notisi, notisi ikichelewa sana iwe imefika mwanzoni mwa mwezi wa nane. Sio muda wa kukaa vikao na baba mkubwa.

Hela ya wakili. Kabla ya yote pandeni gari mwende Lindi, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora wana ofisi ya tawi pale, malalamiko ni bure na wana uwezo wa kuingia magerezani na kuita maofisa wajibu. Hawatoi hukumu, wanatoa mapendekezo, lakini uchunguzi wao una uzito. Mwende mapema, kwa sababu jambo likishakuwa mahakamani wao hawaligusi. Na tangu ile Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wapo wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa, ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri watakuonyesha walipo, hao watakuandikia hata hiyo barua ya masjala. Shauri lenyewe la Mahakama Kuu tafuteni wakili kamili.

Mkishinda msitegemee hela wiki inayofuata. Serikali haikamatiwi mali, huwezi kumpeleka dalali wa mahakama akashikilie karandinga, unapewa hati ya mahakama ukaifuatilie Hazina, na kufuatilia ni kazi. Nakwambia mapema ili mtu asije akakopa kikoba kwa kutegemea hukumu.

Na huyo mama wa kikoba, usigombane naye. Na yeye kaambiwa hivyohivyo, kwamba mumewe atajibeba mwenyewe, ndo maana akaja usiku na laki tatu kwenye khanga. Mwambie madai yenu mnapeleka na kwa aliyempa mumewe rungu. Pengine atalala.

Picha za mifupa usiziweke juu karibu na bati, joto letu hili zinagandana. Ziweke chini ya godoro, katikati ya gazeti, pamoja na lile daftari.